Kangaga-Mti la Usambara

Msafiri apandaye kutoka Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, huyaacha nyuma mashamba ya michungwa pamoja na joto la pwani, na haendi mbali kabla hajaona hewa ikibadilika, kivuli kikizidi, na barabara ikivuka kijito baada ya kijito, vyote vikishuka mabondeni kuelekea mto Zigi ambao watu wa mji wa Tanga hunywa maji yake. Kandokando ya vijito hivyo, mahali ambapo jua huingia kwa idhini ya miti mikubwa, ataona mmea wenye shina jembamba, jeusi, lililonyooka, na juu ya shina hilo majani makubwa yaliyotandazwa pande zote, kila moja likimzidi urefu mtu mzima aliyesimama. Akiwa mtu wa minazi atasema kwamba huu ni mnazi wa mwituni. Na akiwa amezoea kuuona mtapo ukipamba ua wa nyumba, atasema ni mtapo. Makosa yote mawili yana udhuru, kwa kuwa jicho la mwanadamu huanza na umbo la jumla, na umbo la jumla hapa ni la mnazi hasa. Walakini mmea huu hauna ua, hauna tunda wala kokwa, wala hautapata kamwe, na ukoo wake ulikuwa umekwisha simama duniani kabla ua la kwanza halijachanua.

Ni kangaga. Wengi wetu tunalijua kangaga kuwa kitu cha chini: majani yaliyochanikachanika penye ukuta wenye unyevu, kando ya kisima, au katika shamba lililochomwa moto likaachwa, hatukudhani kwamba katika aila hiyo kuna waliosimama na kutazamana na miti. Hili la Amani huinuka juu ya shina lake mita 5 au 6, na mara nyingine zaidi, na wataalamu wa mimea huliita Cyathea manniana. Wala si mali ya Usambara peke yake, maana limeenea tangu misitu ya Afrika ya Magharibi, likapita Kameruni na Kongo, likafika misitu ya milimani ya Uganda, na milima ya Kenya, na Kilimanjaro, na Uluguru, hata kusini kwenye mabonde yenye maji ya Zimbabwe. Nimechagua kulieleza kwa sababu nimewaona watu wa elimu nzuri wakilitazama kwa mbali na kuondoka na jina la uongo. Na ajabu ya kangaga hili ni kwamba yeyote atakaye kulitambua sawasawa hana budi kutoka kwenye kubwa kwenda kwenye dogo, hatua kwa hatua, mpaka afikie kitu kisichozidi ukucha wa kidole, ambacho ndicho hakimu wa mahali jitu hili litakapoota na mahali lisipoota.

Jina lake kwanza, maana lina kisa. Manniana ni kumbukumbu ya Gustav Mann, fundi wa bustani mzaliwa wa Hannover, Ujerumani, mwaka 1836, ambaye Bustani ya Kew ya Uingereza ilimpeleka Afrika ya Magharibi mwaka 1859 ili ashike mahali pa Charles Barter, mkusanyaji wa mimea aliyefariki mwaka huohuo katika safari ya mto Niger. Msomaji wa pwani atapendezwa kujua kwamba mwishoni mwa mwaka 1861 na mwanzoni mwa 1862 Mann alikuwa katika mlima Kameruni pamoja na Richard Burton, yuleyule ambaye miaka michache nyuma alikaa Unguja akitengeneza safari, kisha mwaka 1857 akaondoka pwani yetu pamoja na John Speke kuelekea Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mtu wa kalamu na ugomvi, na dunia inamkumbuka; Mann alikuwa mtu wa kukausha majani kati ya karatasi, na dunia imemsahau, ila mimea haikumsahau. Alichokusanya kilifika mikononi mwa Sir William Hooker, mkuu wa Kew, mpenzi mkubwa wa makangaga, naye akalipa hili jina mwaka 1865 katika kitabu ambacho hakujaliwa kukimaliza, kwa kuwa alifariki Agosti ya mwaka huo, na John Gilbert Baker akakikamilisha mwaka 1868. Mann mwenyewe alikwisha kuondoka Afrika, akaenda kutumikia idara ya misitu ya India huko Assam.

Sasa tulisogelee lenyewe. Mtu akiligonga shina la kangaga-mti kwa ubapa wa panga hasikii mlio wa mti, na sababu ni kwamba kweli si mti. Mti wa kawaida, mvule mathalani, una tabaka jembamba chini ya gome lake ambalo huongeza ubao upande wa ndani na gome upande wa nje, na ndiyo maana hunenepa kadiri unavyozeeka. Kangaga halina tabaka hilo, na unene wa shina lake hukadiriwa mara moja tu, huko juu kileleni penye chipukizi, na ukishakadiriwa hauongezeki tena. Lakini mtu akitazama kangaga-mti la makamo ataona chini limenenepa kuliko juu, naye atadhani nimemhadaa. Unene huo si wa shina bali wa mizizi, ambayo huchipuka ubavuni, ikateremka ikiambatana na shina, ikasukana na kukauka ikawa tabaka gumu, jeusi, lenye nyuzinyuzi, linaloshika maji ya mvua siku nyingi baada ya mvua kukatika. Ukiiondoa mizizi hiyo katika hesabu, shina la Cyathea manniana ni jembamba, na kipenyo chake aghalabu hakifiki shibiri. Katika tabaka hilo lenye unyevu huishi wapangaji: kuvu-mwani, okidi ndogo, miche ya miti, na makangaga mengine madogo ya jinsi ya Hymenophyllum na Trichomanes, ambayo jani lake, pembeni mwa mishipa, lina unene wa seli moja tu, hata ukilishika dhidi ya mwangaza utaviona vidole vyako upande wa pili. Aliyekuja kutafuta kangaga moja hujikuta anatazama jamaa nzima.

Ushahidi wa kwanza usiokanushika uko katika kikonyo, yaani ile sehemu ya jani iliyo kati ya shina na mwanzo wa vijani vyake, na hapa ndipo wapita njia wengi wasipofika, kwa kuwa kikonyo kiko juu ya vichwa vyao. Mwenye subira atatafuta jani zee lililoinama au kuanguka, nalo litamwambia yote. Kikonyo cha kangaga hili kina miiba: mifupi, migumu, yenye ncha kali, ya rangi iliyokoza, iliyojaa upande wa chini na kupungua kadiri unavyoelekea juu. Si miiba ya mzaha. Vikonyo vya zamani huacha visiki vyao shinani pamoja na miiba, na mtu aliyeteleza kijitoni akakamata shina ili asianguke hataliita tena mnazi. Pamoja na miiba yapo magamba, ambayo ni vitu vingine kabisa: vibati vyembamba, vikavu, vya rangi ya hudhurungi, vilivyolala kimoja juu ya kingine kwenye shina la kikonyo na juu ya jani changa, navyo hung'oka kwa kuguswa. Mtu wa kawaida huvipangusa mikononi akaenda zake. Mtaalamu huvikusanya katika bahasha. Mmarekani Rolla Tryon, alipoipanga upya aila nzima ya makangaga-miti mwaka 1970, alitia uzito mkubwa katika muundo wa magamba haya, akauliza kama seli za pembeni zinafanana na za katikati, na kama gamba linaishia katika unywele mmoja mweusi au halina; na kutokana na swali hilo, ambalo lahitaji hadubini kujibiwa, mamia ya aina yalibadilishiwa nyumba.

Jani lenyewe hutoka kileleni likiwa limejikunja kama mkia wa kinyonga, ncha yake laini ikiwa imefichwa katikati kabisa ya mzingo, mahali ambapo si ukavu wala mdudu atakayeifikia kwa urahisi, kisha hujikunjua polepole kuanzia chini hadi juu, na likikamilika hufika mita 2 au 3. Ukubwa huu usimtishe mtazamaji akadhani muundo wake ni fumbo. Uti mkuu wa jani huzaa matawi kushoto na kulia. Kila tawi huzaa vijani virefu, vyembamba. Na kila kijani kimekatwa pembeni kwa mikato ya kina, inayokaribia kufika kati lakini isifike, hata pakabaki ndimi nyingi zilizoshikana kwenye mzizi wao. Mtu akihesabu vizuri, jani limegawanyika mara mbili kamili, na mara ya tatu kwa nusu. Hesabu hii ndogo ina faida, kwa sababu katika mabonde yaleyale ya maji huota kangaga jingine kubwa, Marattia fraxinea, ambalo siku hizi huitwa pia Ptisana fraxinea, nalo lina majani yanayoshindana kwa urefu na ya kangaga-mti, hata mgeni akiliona lililo kando ya maporomoko husadiki kwamba ni kangaga-mti changa ambalo shina lake bado halijainuka. Shina halitainuka. Jani la Marattia limegawanyika mara mbili basi, vijani vyake ni vipana na vizima, vyenye meno madogo pembeni; na chini ya kikonyo, badala ya miiba, kuna mabawa mawili mazito yenye nyama yanayokikumbatia pande mbili, ambayo hubaki ardhini hata jani likioza.

Katika jamaa wa karibu, wenye shina, wa kuchunguzwa ni wawili. Wa kwanza ni Cyathea dregei, anayepatikana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kuendelea mpaka Afrika ya Kusini, ambaye tabia yake ni kinyume cha huyu wetu: hupenda kusimama wazi, kandokando ya vijito vya mbugani, jua likimpiga, na moto wa nyika ukipita hukwaruza nje asife. Shina lake ni nene, lafika karibu dhiraa moja kwa kipenyo, na kikonyo chake hakina miiba yenye ncha bali vinundu butu, ilhali upande wa chini wa jani umefunikwa na nywele za sufi. Wa pili ni Cyathea capensis, wa kivulini kama manniana na mwembamba kama yeye, ila kileleni, penye mashina ya vikonyo, ana vijani vya ajabu vilivyochakaa vikawa nyuzi, vimejikusanya hapo mithili ya nywele zisizochanwa. Anayekuta nyuzi hizo ana capensis. Asiyezikuta, akakutana na miiba, ana manniana. Usambara wenyewe una aina nyingine tena, ikiwamo Cyathea humilis, na hapo ndipo mambo huanza kuwa mazito kidogo, na shina na kikonyo huwa havitoshi kutoa hukumu.

Hapo hupinduliwa jani. Kama ningeruhusiwa kumpa kijana mmoja nasaha moja tu juu ya makangaga, ningemwambia asilitaje jina la kangaga lolote kabla hajatazama chini ya jani lake, kwa kuwa upande wa juu ni wa kupokea mwanga, nao hufanana kwa aina elfu, bali upande wa chini ndio wa uzazi, na uzazi haukubali kufanana. Chini ya kila ulimi wa jani la kangaga letu kuna vidoa vya mviringo, vidogo, vilivyopangwa safu mbili, safu moja kila upande wa mshipa wa kati, kila kidoa kikiwa mahali ambapo mshipa mdogo hugawanyika mapande mawili. Katika kangaga la mashamba yaliyochomwa, Pteridium, vidoa havipo, bali ukingo mzima wa jani umepindwa juu ya mstari mmoja wa uzazi; katika Marattia utaona vijaluba vigumu, vilivyopasuka kati, karibu na ukingo; hapa ni vidoa vya mviringo. Chukua kioo cha kukuzia, hata kile cha mtengeneza saa, ukisogeze jicho na jani pamoja mpaka kidoa kikae bayana: utaona kwamba ni kundi la vifuko, vingi, vimesongamana juu ya kitako kimoja kilichoinuka, na huenda ukaona, au mabaki yake, utando ulioanza kwa kulifunika kundi hilo kabla halijakomaa. Kuwapo kwa utando huo, na umbo lake, kama ni kikombe, au nusu ya kikombe, au kigamba kidogo kilichojificha chini ya vifuko, ni hoja ambayo waainishaji wa aila hii wamebishana juu yake zaidi ya miaka 200, na ambaye amepata jani zee tupu, ambalo vifuko vyake vimekwisha pukutika, asishiriki katika ubishi huo.

Vifuko hivyo vinastahiki kutazamwa kwa muda, siku kavu hasa. Kila kimoja kina ukanda wa seli zilizokizunguka kwa mshazari, ambazo kuta zake za ndani na za ubavuni ni nene, ilhali ukuta wa nje ni mwembamba. Jua likipanda, maji yaliyomo ndani ya seli hizo huanza kukauka, na kwa kuwa maji hayapendi kuachana na kuta, huuvuta ule ukuta mwembamba ndani. Seli zote zikivuta hivyo kwa pamoja, ukanda hujikunjua kinyumenyume, kifuko hupasuka, mdomo wake hufunguka polepole na spora zikaonekana. Mtazamaji hudhani kazi imekwisha. Lakini mvuto ndani ya seli huzidi mpaka maji yashindwe, yakatike, viputo vitokee katika seli nyingi kwa mara moja, na ukanda mzima urudi mahali pake kwa ghafula kuliko jicho linavyoweza kufuata, ukizitupa spora hewani. Hakuna msuli, hakuna uhai unaofanya kazi hiyo, maana ukanda ni wa seli zilizokufa. Ni maji na ukavu tu. Kifuko kimoja hubeba spora 64 kwa kawaida, na katika baadhi ya aina za aila hii 16, kila spora ikiwa na alama ya mistari mitatu iliyokutana, ambayo ni nishani ya kwamba ilizaliwa pamoja na ndugu watatu. Na ukizidisha vifuko kwa vidoa, na vidoa kwa ndimi, na ndimi kwa jani moja la mita 3, utaiacha hesabu mwenyewe.

Kwa nini basi msitu wa Amani haujawa kangaga tupu? Swali hili lilichelewa kujibiwa kuliko mengi yanayoonekana magumu zaidi. Ulaya ya zamani iliona kwamba kangaga halina ua wala mbegu, na badala ya kukubali hivyo ikaamua kwamba mbegu ipo ila haionekani, na kwa hiyo atakayeipata naye hataonekana. Shakespeare aliutia uzushi huo katika mchezo wake wa Mfalme Henry wa Nne, vinywani mwa wezi wa njiani. Mwaka 1794 yalichapishwa maelezo ya John Lindsay, tabibu aliyekaa Jamaika, ambaye aliotesha vumbi la makangaga katika udongo akayaona yakichipuka, lakini kilichochipuka hakikufanana na kangaga. Mwaka 1848 Mpolandi mmoja, Leszczyc-Sumiński, akaonyesha kwamba viungo vya kiume na vya kike vya kangaga viko katika kile kimea kidogo kilichomshangaza Lindsay. Na mwaka 1851 Wilhelm Hofmeister, ambaye hakuwa mwalimu wa chuo bali mtu wa duka la vitabu na nota za muziki la baba yake huko Leipzig, akiamka kabla ya alfajiri kuchungulia hadubini, akaliweka jambo lote wazi: kangaga lina maisha mawili, ya mimea miwili iliyo mbalimbali, na kila mmoja huzaa mwenziwe.

Mmea wa pili ndio ule niliouita hakimu. Spora ikianguka mahali penye unyevu huota kuwa kijani kimoja bapa, cha kijani kibichi, chenye umbo la moyo, kisichozidi ukucha kwa upana, kilicholala ardhini bila shina, bila mishipa, kimeshikwa na vinywele tu. Upande wake wa chini, uliogusana na udongo, kuna vichupa vyenye yai, na vijifuko vyenye mbegu za kiume. Na mbegu hizo hazipeperuki wala hazibebwi na nyuki, bali huogelea, zikisukumwa na vijimkia vingi vilivyopangwa kwa mzingo. Pasipo maji kati ya hapa na pale, hata kama ni umbali wa unene wa kucha, hakuna ndoa. Wilhelm Pfeffer aligundua mwaka 1884 kwamba mbegu za kiume za makangaga huvutwa na asidi ileile inayolipa tofaa ukali wake, hata akiitia katika kijibomba cha kioo chembamba, huingia humo kwa makundi. Yai likishatungwa, kangaga lenye mizizi na jani huota juu ya mgongo wa mama yake mdogo, humnyonya kwa muda, kisha humwacha anyauke.

Sasa kila tabia ya jitu hilo hufahamika. Kangaga-mti zima lina mizizi, lina mishipa, lina shina linaloshika maji; laweza kustahimili kiangazi cha wastani, na laweza kuonekana kana kwamba halina haja ya kijito. Mwenye haja ni yule wa ukucha, ambaye hana ngozi ya kumkinga, na ambaye hufa kwa majani makavu yakimwangukia kama afavyo kwa jua. Anachotaka ni udongo mtupu, uliomomonyoka jana, wenye kivuli na umande: ukingo wa kijito uliobomolewa na mafuriko, upande wa njia iliyochimbwa mlimani, shina la mti lililong'oka likaacha shimo. Amani inampa vyote, kwa kuwa mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hugota kwanza kwenye milima hii, na mvua ya mwaka, katika mwinuko wa mita 900 hivi, hukaribia milimita 2,000, bila mwezi mmoja wa ukame wa kweli. Kwa hiyo mtu anayefyeka miti ya ukingoni na kuyaacha makangaga makubwa yamesimama, akidhani ameyahurumia, amewaachia wazee na kuwanyima watoto. Majani ya wazee yataendelea kupamba bonde hilo miaka mingi, na chini yake hapataota hata moja.

Hatari ya panga ni dhahiri zaidi, nayo haikosi, kwa sababu mashina ya makangaga-miti hutumika sehemu nyingi za dunia kuwa nguzo, na ile mizizi ya nje hupendwa na wafugaji wa okidi, ambao huikata vipande na kuipandia maua yao. Makangaga-miti yaliyo mengi yana kilele kimoja tu, na ukikikata hayachipui tena ubavuni. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Washington mwaka 1973, juu ya biashara ya viumbe vya mwituni, umeyaweka makangaga-miti ya Cyathea katika orodha yake ya pili, maana yake kwamba hayavuki mpaka bila kibali; na Amani yenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997.

Amani ilikuwa jina la elimu kabla ya kuwa jina la hifadhi. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo hapo mwaka 1902, Waingereza wakairithi, na Peter Greenway akakusanya huko kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, kazi ambayo mpaka leo mwandishi wa mambo haya hawezi kuikwepa. Mimea iliyokaushwa Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na humo kabatini ndimo jina la kangaga letu linapoendelea kugombaniwa, kwa sababu kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa mafungu mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kinaliita Cyathea manniana, ilhali kundi la wataalamu wa makangaga wa mataifa mengi, katika mpango wao wa mwaka 2016, wanaishika jinsi ya Alsophila, na Tryon alikwisha liita Alsophila manniana tangu mwaka ule wa 1970. Rai yangu ni kwamba msomaji atumie lolote kati ya mawili, mradi ajue kuwa ni kangaga lilelile. Kinachoudhi si majina mawili ya mmea mmoja, bali jina moja lililobandikwa juu ya mimea miwili.

Na ubandikaji huo huanzia katika ukusanyaji mbovu. Karatasi ya kuhifadhia mmea mkavu ina urefu usiozidi nusu mita, na jani la kangaga hili lina mita 3. Basi mkusanyaji mwenye haraka huvunja ncha ya jani, iliyo nzuri na inayolala vizuri, akaiandika tarehe na mahali, akaenda zake, na miaka 100 baadaye mtu huketi mbele ya ncha hiyo asiweze kusema lolote la yakini, kwa kuwa miiba imebaki msituni, magamba yamebaki msituni, na nyuzi za kileleni, kama zilikuwapo, zimebaki msituni. Mkusanyaji mwema huchukua kipande cha kikonyo kutoka chini kabisa, na tawi moja la katikati lenye vidoa vilivyokomaa nusu, na ncha, na magamba katika bahasha, kisha huandika yale ambayo karatasi haiwezi kubeba: urefu wa shina na unene wake, idadi ya majani kileleni, kama majani mazee yalining'inia au yalianguka, na kijito kilikuwa umbali gani. Asiye na kibali cha kukusanya hana haja ya kukata chochote. Simu yake ina kamera. Na alipige kangaga picha tatu, ya kilele, ya mwanzo wa kikonyo kwa karibu, na ya chini ya jani huku shilingi imewekwa kando ili ukubwa wa vidoa ujulikane, na hiyo ya tatu asiisahau, kwa kuwa ndiyo ambayo kila mtu huisahau.